Kutoka Chano cha Mogadishu hadi Tochi ya Kerala

Mwaka 1331 Ibn Battuta aliteremka Mogadishu, na kadhi wa mji akamchukua hadi kwenye nyumba ya sultani. Kabla hajaonana na mwenyeji wake, kililetwa chano cha majani ya tambuu na popoo. Mgeni akapewa majani 10 na popoo chache, kadhi naye akapewa kiasi hichohicho, na yaliyobaki wakagawiwa wenzake pamoja na wanafunzi wa kadhi. Kisha wakamiminiwa marashi ya Dameski. Msafiri yule hakuliandika jambo hilo kama kioja. Aliliandika kama adabu iliyokwisha kukomaa, maana kote alikopita kandokando ya Bahari ya Hindi, mgeni wa heshima alipokewa kwa tambuu.

Nimeanzia hapo kwa sababu ugonjwa ninaoufuatilia katika makala haya haukuletwa na mbu wala panya. Uliletwa kwa takrima. Mtambuu na mpopoo si mimea ya asili ya Afrika. Ilivuka bahari kutoka Asia kwa pepo za kaskazi pamoja na vyungu, vitambaa na wachumba. Ikapandwa Unguja na Pemba, ikazoea. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wakawa na vijaluba vyao: jani, popoo iliyokatwakatwa, chokaa, katu, pengine karafuu na iliki, na kwa wengi kipande cha tumbaku. Tambuu ikaingia harusini na ikaingia kwenye tungo. Miongoni mwa nyimbo za kale zinazohusishwa na Fumo Liyongo umo utumbuizo mzima wa uraibu. Katika yale niliyoyasoma kuhusu mambo hayo sikukuta popote mtu akiuliza shavu linalofumbata tambuu kwa miaka 30 linakuwaje kwa ndani.

Swali hilo liliulizwa kwanza mbali kabisa na pwani, tena kuhusu uraibu mwingine. Mwaka 1877, mjini Budapest, daktari wa ngozi Ernő Schwimmer aliandika kwa kirefu juu ya mabaka meupe aliyoyaona ndani ya vinywa vya wagonjwa wake: kwenye ulimi, kwenye mashavu, nyuma ya pembe za midomo. Hayaumi, hayafutiki, na mwenye nayo mara nyingi hana habari nayo. Akayapa jina linalotumika hadi leo, lukoplakia. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa wavuta tumbaku, na kaswende ilikuwa imeenea katika miji ya Ulaya, kwa hiyo madaktari wakabaki kwa miongo kadhaa wakibishana kipi kati ya hivyo viwili ndicho chanzo. Jambo moja halikubishaniwa sana: baadhi ya mabaka hayo, baada ya miaka, yaligeuka saratani.

Mgonjwa maarufu kuliko wote katika njia hii aliishi Vienna. Mwanzoni mwa 1923 Sigmund Freud, mtu wa sigara kubwa nyingi kwa siku, aligundua uvimbe upande wa kulia wa kaakaa lake. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Ernest Jones mwezi Aprili aliueleza kuwa ni wa aina ya lukoplakia. Siku chache kabla ya barua hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji na Marcus Hajek katika kliniki ya wagonjwa wa nje, kana kwamba anang'olewa jino. Akavuja damu vibaya hata ikabidi alazwe. Uvimbe ulikuwa tayari ni saratani. Daktari wake, Felix Deutsch, alimficha. Oktoba mwaka huohuo bingwa mwingine, Hans Pichler, alimkata sehemu ya kaakaa na taya, akamtengenezea kiziba cha bandia cha kutenganisha mdomo na pua. Freud aliishi miaka 16 zaidi na alipasuliwa zaidi ya mara 30, nyingi ya hizo zikiwa za kuondoa mabaka mapya kabla hayajageuka. Sigara hakuacha. Alikufa London, Septemba 23, 1939.

Watu wakisimulia habari za Freud husimulia ushujaa wake wa kuvumilia maumivu. Mimi ninayemstaajabia ni Pichler. Kwa miaka 15 alimtazama mgonjwa wake tena na tena, akiandika kila badiliko, akikata palipobidi kukatwa na kuacha palipobidi kuachwa. Uangalizi wa namna hiyo haukuwa na jina wala mwongozo wakati ule, na kwa yule mzee ulikuwa ni uhai.

Wakati Vienna wakimhangaikia mtu mmoja, huku kusini mwa India wagonjwa walikuwa wakifika kwa mamia. Hospitali ya misheni ya Neyoor, katika Travancore ya zamani, ilipokea wenye saratani ya kinywa kwa wingi ambao madaktari wa Ulaya hawakuwahi kuuona kwao. Mmoja wa madaktari wa hapo, Howard Somervell, ndiye yuleyule aliyepanda Everest mwaka 1924 bila mtungi wa oksijeni, akakaribia kufika kileleni. Mwenzake, I. M. Orr, alichapisha mwaka 1933 katika jarida la The Lancet makala kuhusu saratani ya kinywa kwa watafunaji wa tambuu wa Travancore. Uvimbe, aliona, huota palepale mtu anapozoea kuhifadhi tambuu yake, upande uleule wa shavu. Ushahidi wa wazi kuliko huo ni shida kuupata, lakini bado ilichukua miaka 70 mingine popoo yenyewe kuhukumiwa.

Njia inarudi kwetu mwaka 1952. Katika mkutano wa 11 wa kimataifa wa madaktari wa meno uliofanyika London, mtaalamu aitwaye Schwartz alionyesha habari za wanawake 5 wa Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Vinywa vyao vilikuwa vimekakamaa. Utando wa ndani ya mashavu, badala ya kuwa laini na wa rangi ya waridi, ulikuwa umepauka kama marumaru, mgumu kwa kidole, na midomo haikuweza tena kufunguka ipasavyo. Schwartz aliyaita mabadiliko hayo kusinyaa kwa utando wa kinywa kwa sababu isiyojulikana, akaongeza neno la kuonyesha kuwa ni jambo la nchi za joto. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu ya zama zetu kuhusu maradhi haya, na ilitoka Afrika Mashariki.

Wanawake wale watano majina yao hayamo katika historia, na hivyo ndivyo inavyopasa. Walikotoka jamii yao, hata hivyo, kunajulikana. Wahindi wengi wa Kenya, Zanzibar na Tanganyika asili yao ni Gujarat: Kutch na rasi ya Kathiawar, nchi zilizofanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi. Walipohamia huku hawakuhitaji kuagiza uraibu; waliukuta barazani, umewasubiri tangu enzi za sultani wa Mogadishu.

Mwaka uliofuata, 1953, S. G. Joshi, daktari wa masikio, pua na koo mjini Bombay, alieleza wagonjwa wenye hali hiyohiyo na akaipa jina la kitabibu inalotambulika nalo sasa, jina linaloeleza tishu ngumu iliyojazana chini ya utando wa kinywa. Mimi nitaiita kukakamaa kwa kinywa. Joshi na waliomfuata waliitilia shaka pilipili. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwani wagonjwa hulalamika kwamba kitu chenye pilipili kidogo tu kinawaunguza kama moto. Mwaka 1960 watafiti wa Bombay, Sirsat na Khanolkar, walipaka kiini cha pilipili kwenye vinywa vya panya ili kuijaribu dhana hiyo. Lawama zote ziliielekea pilipili, ilhali kuungua ni dalili na si chanzo. Chanzo kilikuwa kwenye kijaluba.

Leo kinachotokea kinaeleweka vizuri kiasi. Ndani ya popoo imo arekolini, kemikali inayozichochea seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni chini ya utando. Popoo pia ina shaba nyingi, na shaba hukisaidia kimeng'enya kinachozifunga nyuzi hizo pamoja zikawa ngumu. Tanini zake nazo huzuia nyuzi kuvunjwavunjwa kama kawaida ya mwili. Chokaa huongeza makali kwa kuikwaruza ngozi nyororo ya shavu na kufungua njia. Mwisho wake shavu hupoteza mnyumbuko. Mtu aliyekuwa akipiga miayo kwa raha hawezi tena kupitisha vidole vitatu kati ya meno yake ya juu na ya chini. Na juu ya utando huo uliosinyaa saratani hupata kitalu. Katika wilaya ya Ernakulam, Kerala, wagonjwa 66 wenye kukakamaa kwa kinywa walifuatiliwa kwa miaka 17, na asilimia 7.6 kati yao wakapata saratani.

Utafiti huo wa Ernakulam ni tunda la kazi ambayo mimi naiweka juu ya nyingine zote katika historia hii. Kuanzia mwaka 1966, Fali Mehta wa Tata Institute of Fundamental Research ya Bombay, pamoja na Jens Jørgen Pindborg, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Copenhagen, waliwatuma madaktari wa meno vijijini kubisha hodi mlango kwa mlango. Walikagua vinywa vya wanavijiji 50,915 katika wilaya 5 zilizotawanyika pande zote za India. Moja kati ya hizo ilikuwa Bhavnagar, bandari ya Kathiawar, yaani nyumbani kabisa kwa watu wa asili moja na wengi wa Wahindi wa Nairobi na Zanzibar. Nyingine ilikuwa Srikakulam, ambako wanawake huvuta sigara za kuviringa kwa mkono huku ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo. Huko mabaka yalikutwa juu, kwenye kaakaa. Ernakulam, kwa watafunaji, yalikutwa shavuni. Kila uraibu ulikuwa umeacha muhuri wake mahali pake.

Kisha wakafanya jambo ambalo watafiti wengi hulikwepa kwa sababu halina mwisho wa haraka. Walirudi. Kwa miaka 10 walirudi kwenye vijiji vilevile, kwa watu walewale, kuona nani amepona, nani amebaki kama alivyokuwa, nani amebadilika. Waligundua kwamba saratani mpya karibu zote ziliota kwa watu ambao tayari walionekana na baka au ukakamavu. Saratani hii basi haimvamii mtu kwa ghafla. Hutoa taarifa, tena mapema, tena mahali ambapo jicho linafika bila mashine yoyote. Ini halitazamiki, kongosho haitazamiki. Kinywa unakifungua mwenyewe mbele ya kioo.

Awamu iliyofuata ilikuwa ya kuwashawishi watu waache. Watumiaji wa tumbaku 36,000, takriban 12,000 katika kila wilaya kati ya wilaya 3, walielimishwa ana kwa ana, kwa filamu, kwa redio na magazeti, na wakakaguliwa kila mwaka. Ernakulam peke yake walifuatiliwa watu 12,212 kwa miaka 10. Wengi hawakuacha, na tusidanganyane kuhusu hilo. Uraibu ni uraibu. Lakini kwa wale walioacha, mabaka mapya meupe yalipungua mno yakilinganishwa na ya walioendelea. Kukakamaa kwa kinywa kuna ukaidi zaidi. Kukishajenga nyuzi zake hakurudi nyuma kwa urahisi, hata popoo ikitupwa baharini.

Huku kwetu mfano unaofanana na huo ulitoka Meru. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Kenya Francis Macigo, Mwaniki na Guthua walipita nyumba kwa nyumba eneo la Githongo wakitafuta mabaka meupe na kulinganisha wenye nayo na wasio nayo. Mshtakiwa mkubwa alikuwa kiraiku, tumbaku isiyosindikwa ambayo watu huiviringa wenyewe, ikifuatiwa kwa karibu na sigara za dukani. Miraa, ambayo wengi wangeifikiria kwanza kwa sababu ndiyo Meru inayojulikana nayo, haikuonekana kuwa na uzito kama huo.

Basi tiba je? Hapa historia inakuwa na fedheha zake.

Mwaka 1986 kundi la Waun Ki Hong wa Houston, Marekani, lilitangaza katika New England Journal of Medicine kwamba vidonge vya isotretinoini, dawa ya ukoo wa vitamini A, vimeyapunguza mabaka kwa asilimia 67 ya waliovitumia, dhidi ya asilimia 10 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa walikuwa 44 tu, lakini furaha ilikuwa kubwa. Ila midomo ilipasuka, ngozi ikawaka, na zaidi ya nusu ya waliopata nafuu mabaka yaliwarudia miezi 2 au 3 baada ya kuacha vidonge. Tangu hapo zimejaribiwa dawa nyingi, za kupaka na za kumeza. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 ulikusanya majaribio 14 yenye wagonjwa 909, ukahitimisha kwamba hakuna tiba iliyothibitishwa kuzuia baka jeupe lisigeuke saratani. Baadhi ya dawa huling'arisha baka kwa muda. Hilo ni jambo jingine.

Kuhusu kisu, wengi tungeapa kwamba kukata ndiyo jibu. Copenhagen, katika mji wa Pindborg, Palle Holmstrup na wenzake walichapisha mwaka 2006 hesabu za mabaka 269 waliyoyafuatilia kwa miaka. Kati ya 94 yaliyokatwa, asilimia 12 yaliishia kwenye saratani. Kati ya 175 yasiyokatwa, asilimia 4. Mtu asizisome tarakimu hizo akadhani kisu ndicho kilicholeta saratani. Yaliyokatwa ndiyo yaliyokuwa yakitisha tangu mwanzo. Lakini zinaonyesha kwamba kuondoa baka si kuondoa hatari. Utando wote wa kinywa umeogeshwa na moshi au maji ya tambuu kwa miaka mingi, na saratani inaweza kuchipua kando ya kovu. Baka lenye seli zilizoharibika sana bado hukatwa, na ndivyo inavyostahili, ila mwenye nalo habaki huru. Atarudi kutazamwa kila baada ya miezi michache, kama alivyorudi Freud kwa Pichler.

Fedheha kubwa kuliko zote ilitokea Oslo. Jon Sudbø, daktari na mtafiti wa hospitali ya saratani ya huko, alichapisha mwaka 2001 na 2004 makala zilizodai kwamba ukipima kiasi cha DNA katika seli za baka unaweza kujua karibu kwa yakini nani atapata saratani. Dunia nzima ilimsikiliza, maana hilo ndilo swali ambalo kila daktari wa kinywa hulala nalo. Mwaka 2005 akachapisha nyingine katika The Lancet, kuhusu watu 908 na dawa za kutuliza maumivu. Camilla Stoltenberg, mtaalamu wa taasisi ya afya ya umma ya Norway, aliisoma wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, akashangaa. Kanzidata iliyotajwa humo haikuwa hata imefunguliwa. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba wagonjwa wote walibuniwa. Watu 250 kati ya hao 908 walikuwa wamepewa siku moja ya kuzaliwa. Makala za nyuma nazo zikafutwa, na chuo kikuu kikamvua shahada yake ya uzamivu. Kwa miaka kadhaa watu halisi, wenye mabaka halisi, walikuwa wameambiwa hatima zao kwa vipimo vilivyojengwa juu ya takwimu za uongo.

Nikiweka Oslo upande mmoja na Kerala upande wa pili, najua wapi pa kuweka imani yangu. Mwaka 1996 katika wilaya ya Trivandrum, Kerala, Rengaswamy Sankaranarayanan na wenzake waligawa maeneo 13 ya vijiji, 7 ya kukaguliwa na 6 ya kulinganisha, jumla ya watu takriban 190,000 wenye umri wa miaka 35 na zaidi. Waliokwenda majumbani hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa kawaida waliofundishwa kutambua baka jeupe, baka jekundu, ukakamavu na kidonda. Zana zao zilikuwa tochi na macho. Sri Lanka ilikuwa imetangulia kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba wahudumu wa afya wa ngazi ya msingi wanaweza kukagua vinywa vya watu zaidi ya 28,000 kwa mwaka mmoja na kuwatambua wanaohitaji kupelekwa mbele. Kerala ilitaka kujua kama vifo vitapungua. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005, vifo vya saratani ya kinywa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilikuwa vimepungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Kwa watu wote kwa jumla tofauti haikuwa ya kuthibitika, ikaonekana kwamba tochi ielekezwe kwanza kwa mwenye uraibu. Sijui uchunguzi mwingine wa saratani ulio rahisi kiasi hicho, na sioni kisingizio cha nchi zetu kuuacha.

Kisingizio kimoja nilikisikia Mji wa Kale, Mombasa, kwa bibi mmoja mwenye kijaluba cha fedha alichorithi. Nilipomweleza haya alinisikiliza kwa subira, kisha akanisahihisha. "Mwanangu, popoo haina makosa. Makosa ni ya tumbaku, na mimi tumbaku sitii."

Imani hiyo ina umri, na kwa muda sayansi iliiunga mkono nusunusu. Mwaka 1985 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililoko Lyon, Ufaransa, liliitangaza tambuu yenye tumbaku kuwa kisababishi cha saratani. Kuhusu isiyo na tumbaku likasema ushahidi hautoshi. Lakini ushahidi ulikuja, mwingi ukitoka Taiwan, ambako watu hutafuna popoo bila kutia tumbaku hata punje na bado wakawa wanaugua. Katika chapisho la 2004 IARC iliweka tambuu isiyo na tumbaku, na popoo yenyewe, katika kundi la kwanza, pamoja na sigara. Nilimwambia bibi hayo kwa heshima zote. Akafunga kijaluba, akasema atafikiri. Kwa umri wake na kwa adabu ile aliyolelewa nayo, nadhani hilo lilikuwa jibu la kweli.

Ninaowahofia zaidi si mabibi wa vijaluba. Tambuu ya zamani ilikuwa na kikao chake: ilikatwa, ikapakwa chokaa, ikakunjwa, ikapokezanwa. Pakiti za leo, kavu, tamu, zenye popoo na tumbaku ya unga, pamoja na kuberi na jamaa zake, huliwa njiani na garini, na kijana wa miaka 17 huweza kumaliza kadhaa kabla ya adhuhuri. Bhavnagar imeshatuonyesha mwisho wa mambo hayo. Watafiti waliporudi huko katika miaka ya 1990 walikuta kukakamaa kwa kinywa, jambo lililokuwa adimu katika ukaguzi wa kwanza, kumeenea miongoni mwa wanaume vijana watafunao mava, mchanganyiko wa popoo, tumbaku na chokaa.

Sasa daktari wa leo hufanyaje akiona weupe mdomoni? Kwanza hupangusa. Utando wa fangasi, ule wa watoto wachanga na wa watu waliopungua kinga, hutoka ukipanguswa na kuacha wekundu. Lukoplakia haitoki. Hutazama kama kuna jino lililovunjika au meno ya bandia yanayosugua pahali hapo. Likiwapo hurekebishwa, na baka hupewa wiki 2 litoweke. Michirizi myeupe iliyosimama pembeni mwa ulimi ina habari nyingine: ilielezwa San Francisco mwaka 1984 kwa watu waliokuwa na UKIMWI, husababishwa na kirusi, na yenyewe haigeuki saratani, ila humtaka mtu apime damu. Baka lililobaki baada ya kuondoa yote hayo ndilo linalohitaji sindano ya ganzi na kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara, chini ya hadubini. Hapo ndipo hujulikana kama seli zimeanza kuharibika na kwa kiasi gani.

Mahali pia pana uzito. Pembeni mwa ulimi na chini yake ni pabaya kuliko shavuni. Baka lenye vinundu au mchanganyiko wa rangi ni la kutiliwa shaka kuliko lililo laini na sare. Na jekundu linatisha kuliko jeupe: mwaka 1975 Shafer na Waldron wa Marekani walipima mabaka mekundu 65, wakakuta zaidi ya nusu tayari ni saratani, na hakuna hata moja lililokuwa salama kabisa. San Francisco, Sol Silverman aliwafuatilia wagonjwa 257 wenye mabaka meupe, na mwaka 1984 akaeleza kwamba asilimia 17.5 walipata saratani. Maana yake zaidi ya 8 kati ya 10 hawakuipata. Mtu akiambiwa ana lukoplakia hajaambiwa ana saratani. Ameambiwa aache anachotafuna au kuvuta, akubali kukatwa kipande cha kupimwa, na asipotee machoni pa daktari wake. Mwenye mdomo uliokakamaa atafundishwa mazoezi ya kuufungua kila siku, pengine atachomwa sindano za steroidi mashavuni, na hali ikizidi atapasuliwa. Yote hayo hayana faida popoo ikiendelea.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama wewe au mzee wako ni mtu wa tambuu, ugoro, kuberi au sigara, simama mchana mbele ya kioo au shika tochi ya simu. Vuta shavu la kulia, kisha la kushoto. Toa ulimi, uushike ncha kwa kitambaa na kuutazama pande zote mbili, kisha uuinue utazame chini yake. Ukiona baka jeupe au jekundu, au kidonda, ambacho hakijaondoka kwa wiki 2, au mdomo umeanza kuwa mzito kufunguka, usiende duka la dawa kununua cha kusukutulia. Nenda kwa daktari wa meno, na akisema ni kitu kidogo, mwulize kwa adabu kama ameona haja ya kukipima.